Proksi ya bure inauza intaneti yako

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi simu hapa Mwanza. Tovuti ya muvi za wizi ikifungwa, vijana hupeana jina la proksi au VPN ya bure (programu inayopitisha intaneti yako kwenye kompyuta nyingine kwanza), wakaingilia huko na kuendelea kutazama. Wanaamini kwamba sasa hakuna anayewaona.

Anayewaona yupo. Proksi ni kompyuta ya mtu mwingine iliyokaa katikati, na kila unachofungua kinapitia kwake kwanza. Hakudai hata shilingi, ilhali mitambo yake inamgharimu. Gharama hiyo hulipwa na nani? Mwaka 2015 ilibainika kwamba VPN ya bure iitwayo Hola ilikuwa ikiuza intaneti ya watumiaji wake kwa wateja wengine. Mei 2024 Marekani ilitangaza kuuvunja mtandao wa kompyuta zilizotekwa uitwao 911 S5, uliosambazwa kupitia VPN za bure na programu za wizi. Ulikuwa umekusanya anwani za IP (namba zinazotambulisha kifaa mtandaoni) zaidi ya milioni 19 katika nchi karibu 200. Matapeli walikodishiwa anwani hizo, wakaiba, na nyayo zilizobaki zikawa za mwenye kompyuta ambaye hana habari yoyote. Hebu fikiria polisi wakibisha hodi kwako kwa wizi wa namna hiyo.

Sheria nayo haibadiliki kwa sababu umepita mlango wa nyuma. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda filamu, na za nje zimo, kwa kuwa Tanzania iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1994. Kuhusu VPN, Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliwataka wanaoihitaji kwa shughuli zao wajisajili. Kanuni za maudhui mtandaoni za mwaka 2020 zinataja, kwa anayezikiuka, faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Wangapi wanalijua hilo?

Ninaomba TCRA na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapite redioni, hasa redio za mikoani, waeleze kwa Kiswahili chepesi nani anapaswa kujisajili, wapi, na kipi hakiruhusiwi. Tangazo la siku moja halitoshi. Na mafundi wenzangu, tuache kuwawekea wateja hizi VPN za bure kama nyongeza ya huduma. Katika simu hiyohiyo mteja ana M-Pesa, na akiba yake ya mwezi mzima imo humo.

Fundi simu,
Mwanza