YAH: MIZIGO YETU KUMWAGWA CHINI GETI LA MACHAME, NA VIFAA VIBOVU MLIVYOTUKODISHA

Meneja Mkuu,
Kampuni ya Kupandisha Wageni Mlimani,
Moshi.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Njia na ratiba sielezi. Mkataba mnao, na orodha ya vifaa mliiandika wenyewe. Naandika kwa niaba ya kundi zima, na kwa heshima zote naomba barua hii uisome wewe, isiishie tena dawati la mapokezi ambako kila tukipiga simu tunaambiwa "linashughulikiwa".

Geti la Machame la Mlima Kilimanjaro, asubuhi, manyunyu, ardhi tope tupu. Mzani wa hifadhi ukaonyesha mizigo ya wagumu, yaani wapagazi, imezidi kikomo cha kilo 20 kwa mtu. Badala ya kuongeza mgumu mmoja, na vijana wanaosubiri kazi pale getini wamejaa tele, ofisa wenu alifungua zipu za mabegi yetu, akayapindua, akamwaga nguo topeni mbele ya makundi mengine, kisha akachagua yeye kipi kipande na kipi kibaki. Tulipohoji akajibu: "Mnapanda mlima au mnahamia?" Watu wakacheka.

Tuhesabu basi, maana mizani haina upendeleo. Begi laini la lita 90, likiwa tupu, kilo 1.5. Begi la kulalia, kilo 2. Koti la manyoya ya bata, gramu 700. Koti la mvua na suruali yake, kilo 1. Nguo za ndani za kuhifadhi joto, sweta na suruali za kutembelea, kilo 2.5. Soksi za sufu na viatu vyepesi vya kambini, kilo 1. Dawa, vya usafi na vitafunwa, kilo 2. Haifiki kilo 11, na kikomo chenu kwa mteja ni kilo 15. Uzito uliozidi ulitoka kwenu. Mkataba unasema wagumu watatu kwa kila mgeni, na majina yaliyoitwa getini hayakutimia. Mizigo ya wasiokuwepo ikagawiwa waliokuwepo. Mtungi wa gesi haupunguziki, hema halipunguziki, sufuria za mpishi hazipunguziki. Kinachopunguzika ni koti la mteja.

Na alichopunguza ndicho hasa kisichopunguzwa. Getini ni mita 1,800 hivi, msituni, mtu anatoka jasho. Pale koti la manyoya linaonekana anasa na glovu za pili zinaonekana uchoyo. Kambi ya mwisho, Barafu, ni mita 4,673. Mnaamshwa usiku wa manane kwenda kileleni, na baridi inazidi kuuma kadiri alfajiri inavyokaribia. Glovu za kwanza zikilowa, au moja ikipeperuka wakati mtu anafunga kamba ya kiatu, bila za pili vidole havishiki hata fimbo. Ofisa anayelipwa kwa kazi hii hajui hayo? Wenzetu walioachishwa makoti waligeuzia Stella Point, mita 5,756, kilele cha Uhuru wanakiona kwa macho. Wamelipa ada ya hifadhi sawasawa na waliofika.

Sasa hayo mabegi ya kulalia. Ofisini kwenu tuliambiwa ni ya "nyuzi 15 chini ya sifuri", na tukalipa kodi ya hiyo 15. Lebo iliyoshonwa ndani ina namba tatu: nyuzi 5 ndiyo ya kulala kwa raha, sifuri ndiyo mwisho wa kuvumilia, na hiyo 15 chini ya sifuri ni ya kunusurika tu. Mlikodisha kwa namba ya tatu. Tena mabegi yenyewe yamekaa yamebanwa kwenye vifuko vyake msimu mzima, wakati kila anayeuza vitu hivi anajua begi la kulalia hutunzwa limening'inizwa au limelegezwa kwenye mfuko mpana, la sivyo ujazo wake hulala na hauinuki tena. Ukilishika unahisi vidole vyako vya upande wa pili.

Mahema ndiyo aibu kabisa. Nguzo ya faiba imepasuka na imezungushiwa utepe wa fundi umeme. Ufa wa faiba hufungwa kwa kipande cha bomba la chuma, utepe ukipata baridi unaachia. Utepe wa kuziba mishono kwenye turubai la juu unabanduka kama ngozi ya nyoka, kwa sababu mnayakunja yakiwa mabichi na kuyarundika stoo. Zipu ya mlango inafunga nyuma inafunguka mbele: kitelezi kimelegea, na koleo tu ingekibana kwa dakika moja. Vigingi tuliletewa 8 kwa hema linalohitaji 14. Pale Barafu kwenyewe kigingi hakiingii, ni mawe. Hema hufungwa kwa kamba kwenye mawe mazito, na kamba za ziada hazikuwepo.

Halafu orodha yenu bado inamwambia mteja afungashe nguo katika "mifuko ya rambo". Mifuko hiyo ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019! Na chupa za maji za kutupa haziruhusiwi hifadhini, lakini orodha inasema "maji ya chupa, katoni moja". Inayohitajika ni mifuko isiyopitisha maji, inayofungwa kwa kukunja mdomo, na chupa ngumu ya lita 1 inayobebwa kichwa chini usiku wa kilele, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Mrija wa mfuko wa maji ndio huganda mapema kuliko vyote. Hayo hamkuyaandika popote.

Lakini narudi getini, kwa sababu hapo ndipo palipo na jambo lenyewe. Nguo zilipomwagwa, mama mmoja wa makamo katika kundi letu alimwambia ofisa wenu kwa upole: "Mwanangu, hilo koti ni la kuazima, usiliburuze." Akalisukuma kwa mguu. Kwa mguu, Ndugu Meneja, na kiatu chenye tope. Akasema: "Mama, wazungu hawabebi hivi." Pembeni yetu kundi la wageni kutoka nje lilikuwa linapimiwa mabegi makubwa kuliko yetu, na hakuna begi lao lililofunguliwa. Hiyo "mnahamia" aliisema baada ya hapo, akimwangalia mama yule.

Tunadai mrejeshe kodi yote ya mabegi ya kulalia na mahema. Tunadai pia radhi ya maandishi, yenye saini yako, kwa mama yule kwanza. Wagumu waliobeba mzigo wa wenzao wasiokuwepo walipwe ujira wa hao wasiokuwepo, maana fedha hiyo tulishailipa na ipo kwenu. Na waliogeuzia Stella Point warejeshewe nusu ya gharama. Hapana, gharama yote. Hawakurudi kwa kushindwa, walirudi kwa kuvuliwa makoti.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Nikiukumbuka ule mguu juu ya koti, naona 7 zinatosha. Zikipita kimya, nakala itakwenda kwa wanaowapa leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii, nyingine Hifadhi ya Taifa Kilimanjaro pamoja na hesabu ya wagumu, na nyingine Tume ya Ushindani pamoja na picha za lebo, nguzo na zipu.

Makoti yaliyobaki kwenye gari lenu yalirudi. Boshori mbili na glovu jozi tatu hazijarudi. Hizo zitafutwe leo.

Wasalaam,
Kiongozi wa kundi, kwa niaba ya wapandaji wote