Bima ya maisha ukiwa mgeni Nairobi: anza na atakayekuja kudai

Sisi ni mawakala wa bima, na swali tunaloulizwa zaidi na wateja kutoka Tanzania, Kongo, Uganda na Burundi ni fupi: mtu asiye Mkenya anaweza kuchukua bima ya maisha hapa? Anaweza. Sheria ya Bima, Sura ya 487, haimfungii mtu mlango kwa sababu ya uraia. Kampuni inataka kujua kama unaishi hapa kihalali, kama karatasi zako zinathibitisha wewe ni nani, na pesa unayolipia inatoka wapi. Aliyekwambia "wageni hawapewi" huenda ni wakala aliyeona makaratasi mengi akaona heri akurudishe.

Kuchukua bima ndiyo kazi nyepesi. Bima ya maisha hununuliwa na mtu mmoja ikadaiwa na mwingine, na kwa mgeni, huyo mwingine mara nyingi yuko Bukavu, Mwanza au Mbale, na pengine hajawahi kukanyaga Nairobi. Kwa hiyo mteja akiketi mbele yetu tunaanza na upande huo: siku ambayo wewe hupo, nani atafika kwenye kampuni ya bima, na atakuwa ameshika karatasi gani?

Karatasi zako

Pasipoti pekee haitoshi. Sheria ya uraia na uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mgeni anayekaa Kenya zaidi ya siku 90 ajisajili, na kadi anayopewa, ile ambayo watu wa uhamiaji pale Nyayo House na wa mtaani wote huiita "alien", ndiyo kampuni za bima huiomba kwanza. Pamoja nayo huombwa kibali: daraja D kama umeajiriwa, daraja G kama unafanya biashara yako, au pasi ya mtegemezi kama umemfuata mume au mke. Mkimbizi ana kitambulisho chake, na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamtambua, lakini kampuni hazilingani katika kukipokea. Hapo tunauliza kampuni kabla hujajaza hata mstari mmoja wa fomu.

Ndugu zetu wa Afrika Mashariki wanaoingia na pasi ya miezi sita kisha kila ikikaribia kuisha wanagusa Namanga au Busia na kurudi, hatuwahukumu. Ila kwa kampuni ya bima huyo ni msafiri, hata kama ana kibanda Gikomba tangu zamani. Nyoosha kibali kwanza, bima ifuate.

Utahitaji pia PIN, namba ya mlipakodi inayotolewa na KRA, mamlaka ya mapato. Na tangu Kenya iwekwe kwenye orodha ya kijivu (ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu) ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na pesa haramu, mnamo Februari 2024, kwa sababu ya udhaifu wa kupambana nazo, maswali ya "pesa hii unaipata wapi" yamekuwa marefu zaidi. Mfanyabiashara aje na taarifa za benki au za M-Pesa na leseni ya kaunti. Usikasirike ukiulizwa. Mkenya naye anaulizwa.

Majina

Tungependa usome sehemu hii hata kama utaruka nyingine zote.

Mkongomani ana jina la ukoo, jina la pili la kwao na jina la ubatizo, na pasipoti yake huyaandika kwa mpangilio huo. Akifika hapa, kadi ya mgeni huenda ikayageuza. Aliyemfungulia PIN pale saiba, kwenye duka la intaneti, alipunguza moja ili nafasi itoshe. Laini ya simu imesajiliwa kwa mawili. Kwa hiyo mtu huyo mmoja tayari ana sura tatu kwenye kompyuta za Kenya, na hapo bado hatujafika kwa mke wake. Mtanzania naye ana shida ya herufi: kadi ya NIDA, kitambulisho cha taifa, inasema Halima, pasipoti inasema Halimah. Akiwa hai anaeleza, anacheka, mambo yanaisha. Akishafariki, ile "h" moja inahitaji kiapo cha wakili na barua ya ubalozi, na anayehangaika nayo ni mjane.

Tarehe ya kuzaliwa ina hadithi yake. Waliokimbia vita wengi wameandikishwa kuwa walizaliwa tarehe 1 Januari, kwa sababu aliyekuwa mezani alihitaji kujaza kitu. Ada ya bima hupigwa kwa umri. Ikiwa cheti cha kuzaliwa kikijitokeza baadaye kitaonyesha mwaka tofauti, sema sasa. Kampuni ikijua mapema inarekebisha ada, basi. Ikijua wakati wa kulipa fidia, inapunguza fidia, au inaanza kutafuta ni nini kingine ulichokificha.

Halafu mnufaika, yaani yule atakayelipwa ukifariki. Tumeona fomu ambayo kwenye nafasi ya mnufaika pameandikwa "Mama Amani", asilimia 100, simu hakuna. Mtaa mzima unamjua Mama Amani. Lakini hakuna pasipoti duniani iliyoandikwa Mama Amani, na kama ndoa ilikuwa ya kimila bila cheti, hakuna karatasi inayomuunganisha na marehemu. Andika jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho cha nchi yake, namba ya kitambulisho hicho, uhusiano wenu, na simu mbili: yake na ya mtu wa karibu.

Ukiacha nafasi hiyo wazi, pesa inaingia kwenye mirathi. Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, inasema mali isiyo ardhi wala nyumba hugawanywa kwa sheria ya nchi ambayo marehemu aliihesabu kuwa makao yake ya kudumu. Maana yake mahakama ya Nairobi inaweza kulazimika kuelezwa sheria ya Kongo inasemaje kuhusu watoto wa ndoa ya pili. Wakati huo karo haisubiri.

Mtoto aliye chini ya miaka 18 hakabidhiwi pesa mkononi. Mtaje mtu mzima atakayemshikia. Asiwe lazima yule shemeji anayeongea zaidi kwenye vikao vya familia.

Aina gani ya bima

Ziko nyingi, lakini kwa mgeni swali kubwa ni moja: utakuwa hapa kwa muda gani? Bima ya muda maalumu unalipa ada ndogo kwa mwaka au miaka kadhaa. Ukifariki ndani yake familia inalipwa, usipofariki hakuna cha kurudishiwa. Bima ya akiba inachanganya kinga na kuweka pesa, miaka 10, 15 au zaidi, na ukiivunja mapema unapoteza. Kwa kawaida ukivunja kabla ya miaka mitatu unaondoka mikono mitupu au karibu na hapo.

Sasa, mtu ana kibali cha miaka miwili, mwajiri wake hajasema kama atakirefusha, na wakala anamuuzia bima ya akiba ya miaka 15. Kamisheni ya wakala huwa nono zaidi mwaka wa kwanza, ndiyo maana. Sisi pia ni mawakala na tunaishi kwa kamisheni, lakini mteja wa namna hiyo tunampa bima ya muda maalumu, na akiba yake aiweke mahali anapoweza kuitoa akifungasha virago.

Kibali kikiisha, bima haifi siku hiyo hiyo, mradi ada inaendelea kulipwa. Ila soma kipengele kinachotaja nchi inakofanya kazi, na uiarifu kampuni kwa maandishi unapohama. Kinachowaangusha wengi ni kitu kidogo: laini ya Safaricom inazimwa kwa kutotumika, makato ya kila mwezi yanakatika, ujumbe wa kukumbushwa unatumwa kwa namba iliyokufa, na siku 30 za msamaha zinapita mwenyewe hana habari. Ukihama, lipa ya mwaka mzima, au weka maagizo ya kudumu kwenye akaunti ya benki utakayobaki nayo.

Uliyeajiriwa, uliza kwanza kazini. Kampuni nyingi zina bima ya kundi inayolipa mshahara wa miaka miwili, mitatu au zaidi mfanyakazi akifariki, na mgeni huingia humo bila kupimwa afya mpaka kiwango fulani. Huenda umo na hujui. Usichanganye hiyo na fidia ya Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya 2007, ambayo ni mapato ya miezi 96 lakini kwa kifo kilichotokana na kazi tu. Na SHA, mamlaka ya afya ya jamii ya serikali, si bima ya maisha. Ni ya matibabu.

Kodi

Mgeni anayelipa kodi hapa kama mkaazi hupata nafuu ya bima: asilimia 15 ya ada, isiyozidi KSh 60,000 kwa mwaka. Ukilipa ada ya KSh 4,000 kwa mwezi, kodi yako inapungua KSh 600. Mkaazi kwa macho ya KRA si lazima awe raia. Ukikaa siku 183 ndani ya mwaka, umeingia. Sharti ambalo mawakala husahau kulitaja ni hili: bima iwe ya kulipwa hapa Kenya na kwa shilingi ya Kenya. Ukichagua bima ya dola kwa sababu unahofia shilingi, hofu yako ina msingi, lakini nafuu ya kodi usiihesabu. Na ile ya elimu ya mtoto lazima iwe ya miaka 10 au zaidi. Mwajiri wako atataka cheti cha ada kutoka kwa kampuni ya bima, kiombe mapema.

Afya, na safari za nyumbani

Kiwango cha bima kikiwa kikubwa utatumwa hospitali: presha, sukari, mkojo, VVU, pengine moyo. Kampuni ndiyo inayolipia. Kuwa na VVU si mwisho wa safari. Zipo kampuni zinazompokea anayetumia dawa zake vizuri, kwa ada ya juu kidogo.

Utaulizwa unasafiri wapi. Mwenye kwao Goma au Juba asiseme "sisafiri" kwa kuogopa ada kupanda. Bima nyingi hazilipi kifo kilichosababishwa na vita, na ukificha safari umewapa sababu ya pili ya kukataa. Muulize wakala akuonyeshe kipengele cha vita kwenye mkataba, kwa kidole, kabla ya kutia sahihi. Ugonjwa au ajali ya barabarani huko huko kwenu ni jambo jingine, na hilo nalo liwe limeandikwa.

Mazishi

Bima ya mazishi ndiyo inayouliziwa zaidi na vyama vya wageni, na kwa haki. Mwili kutoka chumba cha maiti cha Nairobi hadi Mwanza kupitia Isebania unahitaji kibali, cheti cha kuhifadhi maiti, jeneza lililofungwa ipasavyo na barua ya ubalozi, na yote hayo yana bei zake kabla hujalipa gari. Kwenda Bukavu ni zaidi. Bima hizi hulipa haraka, mara nyingi ndani ya siku mbili. Lakini nyingi zimeandikwa zikimfikiria Mkenya anayezikwa Kisii au Murang'a. Uliza maneno mawili: kusafirisha mwili nje ya Kenya kumo? Na analipwa nani, familia, chama, au kampuni ya mazishi? Tungependelea alipwe mtu aliye Nairobi ambaye familia inamwamini, maana aliye kijijini hawezi kulipa chumba cha maiti kutoka huko.

Siku ya kudai

Kifo kikitokea Kenya, karatasi ni cheti cha kifo, ripoti ya daktari au ya polisi kama ilikuwa ajali, na vitambulisho. Kikitokea Tanzania, cheti hutoka RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo. Kikitokea Kongo, cheti ni cha Kifaransa, kwa hiyo kitatafsiriwa na mtafsiri anayekubalika na kuthibitishwa ubalozini. Weka nakala ya mkataba kwa mnufaika sasa, hata picha kwenye WhatsApp, ili ajue jina la kampuni na namba ya bima. Bima ambayo familia haijui iko, haidaiwi.

Mnufaika awe na akaunti ya benki yenye jina lile lile lililo kwenye fomu. M-Pesa hairuhusu zaidi ya KSh 250,000 kwa muamala mmoja, na kampuni hazitavusha fidia ya mamilioni mpakani kwa vipande vya simu. Mzee wa Kigoma asiye na akaunti afunguliwe moja mwaka huu, mwanawe akiwa bado anaweza kumtumia nauli.

Kuhusu watu wanaouza bima za kampuni zisizosajiliwa hapa, kwa kisingizio kwamba "ya ng'ambo ni bora": Sheria ya Bima, kifungu cha 20, hairuhusu biashara ya bima ya Kenya kupelekwa kwa kampuni isiyosajiliwa Kenya bila kibali cha maandishi cha Kamishna wa Bima. Orodha ya kampuni zilizosajiliwa iko kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, Upper Hill. Ikitokea mgogoro na kampuni iliyosajiliwa, hapo ndipo utalalamika na ukasikilizwa. Na ada ilipwe kwa paybill ya kampuni, namba yake ya kupokea malipo ya M-Pesa, kamwe si kwa namba ya wakala. Hata yetu.

Ukija kwetu mara ya kwanza, njoo na pasipoti, kadi ya mgeni, kibali, PIN, na picha ya kitambulisho cha unayetaka alipwe. Tutayapanga majina yote mezani, herufi kwa herufi. Yakitofautiana, tutakwambia uanze kurekebisha wapi, na fomu ya bima itasubiri. Siku hiyo hakuna cha kulipa.