Vidoti vya kahawia chini ya jani la kangaga si ugonjwa

Mwezi uliopita mteja wetu mmoja alirudi kitaluni na chungu chake cha kangaga, majani karibu yote ameyakata kwa mkasi. "Limeshikwa na wadudu, mama," akaniambia, akageuza jani lililobaki. Chini yake vidoti vya kahawia vilijipanga safu mbili kama vishikizo vya shati. Niliumia, maana mmea ule ulikuwa mzima kabisa.

Kangaga halitoi ua wala mbegu. Vidoti vile ndio uzazi wake: kila kimoja ni kifungu cha vifuko vidogo mno vyenye spora, yaani chembe za uzazi, laini kama vumbi. Vifuko vikikauka hupasuka na kuzirusha, upepo ukazibeba.

Spora ikiangukia penye unyevu haichipui kangaga moja kwa moja. Kwanza huota kijijani chembamba chenye umbo la moyo, kidogo kuliko ukucha wako wa kidole gumba. Hicho ndicho chenye viungo vya kiume na vya kike, na chembe za kiume hazina njia ya kulifikia yai ila kuogelea majini. Tone moja latosha. Lisipokuwepo, kangaga jipya halizaliwi. Ndiyo maana kwenye ukungu wa milima ya Uluguru yapo makangaga marefu kama miti, na hapa Dodoma, mvua ikikatika Aprili hadi Desemba, lako linakutegemea wewe.

Sisi hatupandi spora. Ni kazi ya miezi mingi. Yale ya kuning'iniza barazani hutambaza vikonyo vyembamba, na vikigusa udongo huota miche, tunaikata na kuiatika.

Wadudu magamba, wanaofanana na vidoti hivi, nao wapo, nisikufiche. Ila hawapangi safu: hutapakaa ovyo hadi kwenye vikonyo, jani hunata, na sisimizi hufuata. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Huna hakika? Lete jani moja tu, tulitazame pamoja bila malipo, kabla hujashika mkasi.

Ncha zikikauka, shida ni upepo wetu mkavu. Sogeza chungu kivulini, udongo usikauke.

Chungu cha yule dada bado tunacho. Juzi kimetoa machipukizi matatu, yamejikunja kama ganda la konokono.