Salim, usitie sahihi kwanza

Ndugu yangu Salim,

Salamu sana, na hapo Nairobi baridi yenu inakutendeaje? Huku Mombasa sote wazima, mama anakusalimu na kuuliza kama bado unakula usiku wa manane. Najua nimekunyamazia mno, tutagombana vizuri ukija. Leo nimeshika kalamu kwa sababu ya mpwa wako wa Kisauni, ambaye siri haikai naye hata umlipe. Kaniambia umepata tamthilia. Hongera, bwana! Mtoto wa Majengo kwenye runinga! Nilikuwa nacheka peke yangu, hadi akaniongezea kwamba mkataba unakukataza kupanda jukwaani na vichekesho vyako mpaka hao wenye tamthilia waridhie.

Salim, hicho kipengele umekisoma, au umesoma tarakimu za malipo tu?

Unamkumbuka Richard Pryor, yule mchekeshaji Mweusi wa Marekani tuliyekuwa tukimtazama kwa ile simu yako yenye kioo cha nyufa? Tangu nisikie habari yako nimekuwa nikimrudia. Mwaka 1977 kituo cha runinga cha NBC kilimpa kipindi chake. Akatengeneza utangulizi: anaonekana kifua wazi, anawahakikishia watu kwamba kuingia kwenye runinga hakukumgharimu kitu, hakuachia chochote. Kamera inashuka taratibu, kumbe bwana yuko uchi wa mnyama, na pale penye uanaume pamelainika kama ukuta uliopigwa lipu. (Alivaa nguo ya kubana, usishtuke.) NBC wakakataa utangulizi huo usitoke kwenye kipindi. Yaani walimkata ulimi kwa sababu alisema wanakata! Kipindi chenyewe kilionyeshwa mara nne tu, kikaisha.

Sasa wewe niambie, na hao wako wakikunyima ruhusa utawafanya nini?

Na ujue ile sauti yake haikudondoka kutoka mbinguni. Kazaliwa 1940 Peoria, Illinois, akalelewa na bibi yake mwenye danguro, shule wakamfukuza akiwa na miaka 14. Mama mmoja wa kituo cha vijana, Juliette Whittaker, ndiye aliyemtia kwenye maigizo, na baadaye Pryor alipopata tuzo ya Emmy alimpelekea yeye. Hapo huwa namheshimu kuliko popote. Alipoanza New York alikuwa akimwigiza mchekeshaji mwenzake Bill Cosby, vichekesho visafi vya kumpendeza kila mtu, na pesa ikaingia. Halafu mwaka 1967, Las Vegas, ukumbi umejaa, akawatazama watu, akajiuliza anafanya nini pale, akashuka jukwaani akaenda zake. Ilimchukua miaka kuja na Pryor tunayemjua, wa walevi na malaya na wazee wa mtaani kwao. Wewe nawe uliacha kuwaigiza watu wa bara kwa lafudhi, ukaanza kumsimulia babu yako na ile baiskeli, na ndipo watu wakaanza kukulipia. Usijifanye umesahau.

Sisemi sinema mbaya. Sinema zilimtajirisha. Stir Crazy ya 1980, aliyoiongoza Sidney Poitier, iliingiza zaidi ya dola milioni 100. Superman III ilimpa milioni 4, na mimi kile kichekesho chake humo sikukiona, labda kilibaki kwenye bahasha ya malipo. Blue Collar ya 1978 ndiyo niipendayo, pale aliigiza kweli, ile ya wafanyakazi wa kiwanda cha magari. Lakini tazama ile sinema ya vichekesho, Blazing Saddles: yeye ni mmoja wa walioiandika, mwongozaji Mel Brooks anamtaka awe sherifu, studio ikamwogopa, nafasi akapewa Cleavon Little. Maneno yake waliyachukua, uso wake wakaurudisha. Mara nyingine ilikuwa kinyume, wanachukua uso na kumtia kinywani maneno ya wengine. Jukwaani tu ndiko vyote viwili vilikuwa vyake.

Hata safari yake ya huku kwetu iliishia jukwaani. Mwaka 1979 alikuja Kenya, akakaa hotelini hapo hapo Nairobi, akitazama watu weusi wa kila namna wakienda na shughuli zao. Akaamua lile tusi la kuwaita Weusi hatalitamka tena. Na usisahau, albamu ya vichekesho iliyompa tuzo yake ya kwanza ya Grammy ilikuwa imelibeba kwenye jina lake! Yote hayo aliyaeleza mwenyewe mbele ya watu, kwenye onyesho lililotoka 1982, pamoja na ule moto wa Juni 1980, alipojimwagia pombe kali akiwa amelewa kokeini na kujiwasha. Alinusurika kufa, akaja akakigeuza kibiriti kuwa kichekesho. Nani angemwandikia hilo kwenye tamthilia? Tena miaka ya tisini, ugonjwa wa neva ukiwa umeshamla miguu, bado alirudi kuketi mbele ya watu na maikrofoni. Angalau yeye hakuwa na karatasi ya kumzuia.

Basi nakuomba jambo moja, Salim. Kabla ya sahihi, mpelekee ule mkataba yule shemeji yetu wakili, najua mna ugomvi wa harusi, umeze kidogo. Waambie wenye tamthilia wakuachie hata usiku mmoja kwa wiki. Wakikataa… sijui. Kodi ya nyumba naijua, na simwambii mtu aliyelala njaa asile. Ila jukwaa ukiliacha miaka miwili hao watoto wapya hawatakusubiri.

Hebu nijibu: mkataba ni wa muda gani? Na wakiisimamisha tamthilia katikati, unabaki umefungwa au unafunguliwa? Vichekesho ulivyokwisha kuandika ni vyako au navyo wanavitaka? Huyo unayemwigiza ni nani, asiwe tena Mswahili mvivu wa baraza? Na mama wa watoto anasemaje, maana yeye ndiye mwenye akili nyumbani kwenu? Nipigie Ijumaa baada ya swala, au nije mimi?

Wako,
Hamadi