Usiniambie ilikuwa mechi mbovu

Worcester, Massachusetts
9 Februari 2019

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Sisi huku wazima, ila baridi imetukamata vilivyo.

Ujumbe wako nimeusoma. Kumbe ulikesha tangu saa nane na nusu usiku kwa sababu nilikusifia mno hii fainali ya futiboli ya Kimarekani, ukaambulia New England 13, Rams wa Los Angeles 3, na ukaenda kazini na macho mekundu. Kwa usingizi ule nakuomba radhi. Lakini hilo la kwamba mechi ilikuwa mbovu silikubali, tena limeniuma kulisikia kwako, beki mwenzangu.

Kweli, katika fainali zote 53 hakuna iliyotoa pointi chache hivi. Kabla yake ilikuwa ile ya 1973, Miami 14, Washington 7. Ila waangalie hao Rams ni watu gani: Novemba tu waliwafunga Kansas City 54 kwa 51! Hao hao, kwenye fainali pale Atlanta, mara nane za mwanzo walizopata mpira waliishia kuupiga teke ukatue mbali, maana njia ilikuwa haipitiki. Teke moja la Johnny Hekker wa Rams lilikwenda yadi 65, rekodi ya fainali. Na mabeki wa Rams nao hawakulala. Tom Brady mwenyewe, mrushaji wa New England, pasi yake ya kwanza kabisa ilidakwa nao.

Sasa nikuambie lililonifanya nisimame sebuleni kwa jirani. Robo ya tatu, New England wanaongoza 3 kwa 0. Brandin Cooks wa Rams amesahauliwa kabisa, yuko peke yake ndani ya eneo la kufungia, kule mwisho wa uwanja, mkono juu. Jared Goff, mrushaji wao, anachelewa kumwona, kisha anarusha. Jason McCourty, beki wa New England, hakuwa anamkaba Cooks. Alikuwa mbali, upande mwingine. Aliiona hatari kabla ya mpira kurushwa, akakimbia kama mtu aliyesikia mtoto analia, akafika mpira ukiwa unatua mikononi mwa Cooks, akaupangua. Rams wakaambulia pointi 3 za teke la kupitisha mpira kati ya milingoti, badala ya 7.

Na huyo McCourty, msimu uliotangulia alikuwa Cleveland, timu iliyopoteza mechi zote 16. Msimu huu akahamia aliko pacha wake, Devin, wakashika ngome pamoja. Nililia, sikufichi.

Mengine uliyaona. Sony Michel wa New England alipenya yadi 2 za mwisho zikiwa zimebaki dakika 7, na ndiyo mara pekee usiku ule mtu alifunga kwa kuufikisha mpira eneo la kufungia. Beki mwenzao McCourty, Stephon Gilmore, akaudaka mpira wa Goff karibu kabisa na mstari wa New England. Tuzo ya mchezaji bora alipewa Julian Edelman wa New England, aliyepokea pasi 10 kwa yadi 141, na alistahili.

Unakumbuka ile fainali ya mtaa tuliyoshinda 1 kwa 0, wewe namba nne, mimi namba tano? Mfungaji alibebwa mabegani. Sisi wawili tulirudi nyumbani kwa miguu, magoti yanavuja damu, tukicheka njia nzima.

Nakutumia kipande cha robo ile ya tatu. Kitazame mchana, ukiwa umelala vizuri. Usiufuate mpira, mfuate namba 30.

Wasalaam,
Swahiba wako