Kaka, ingia nasi Mtakatifu Yosefu

Kaka, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa sauti kwenye kundi la ukoo nimeusikiliza, nikaurudia usiku watoto walipolala. Unasema harusi ya binti yetu utakuja, mchango umeshatuma, ukumbini utakaa meza ya wazee, ila kanisani huingii. Kwa maneno yako mwenyewe: "Lile ni kanisa la Wajerumani, na Wajerumani ndio waliowanyonga wazee wetu." Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu si wewe peke yako unayesema hivyo, hasa kwetu Songea, na kwa sababu jambo zito kama hili halimalizwi kwa simu.

Nianze kwa kukubali unachosema. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu lilijengwa na Wajerumani, kati ya mwaka 1897 na 1902, Dar es Salaam ikiwa makao makuu ya serikali yao. Limeelekea bandarini, na bandari hiyohiyo iliyowapokea mapadre iliwapokea na askari na bunduki zao. Wewe ndiye uliyenipeleka mara ya kwanza kwenye makumbusho ya Majimaji pale Songea, ya vita ambayo wazee wetu waliwapinga Wajerumani, ukanisimamisha mbele ya kaburi la pamoja la waliowekwa humo baada ya kunyongwa tarehe 27 Februari 1906. Watu 67 walinyongwa. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka ulivyonikataza kuongea pale. Sijasahau, na siandiki barua hii kukuambia usahau.

Wala sitakudanganya kwamba misheni ilikuwa pembeni imeosha mikono. Unajua habari ya padre wa Peramiho, misheni ya Wabenediktini karibu na Songea, aliyechoma kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya wahenga, cha Nkosi Mputa Gama, mtawala wa Wangoni. Mtu anachomewa mahali anapozungumza na wahenga wake, halafu tushangae vita ilipofika Ungoni mwaka 1905 wapiganaji wakaichoma Peramiho? Mkatoliki asiyetaka kuyasikia haya anajinyima sehemu ya historia ya kanisa lake mwenyewe.

Ila kuna kipande kimoja cha hadithi ambacho sikuwahi kusikia ukikisimulia, nacho ndicho kinachonifanya nilione kanisa lile kuwa letu zaidi ya wengi wanaopita mbele yake. Mtawa Mbenediktini aliyeanzisha Peramiho mwaka 1898 aliitwa Cassian Spiss. Huyohuyo akafanywa askofu mwaka 1902, akahamia Dar es Salaam, akawa na kiti chake katika kanisa hili likiwa bado jipya. Agosti 1905 alifunga safari kurudi Peramiho. Akaenda kwa meli hadi Kilwa, kutoka pale akashika njia ya miguu kuelekea Liwale, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Vita ilikuwa imeshawaka Umatumbi, nchi ya Wamatumbi upande wa Kilwa. Tarehe 14 Agosti waliuawa njiani, wote watano, huko Mikukuyumbu.

Yaani askofu wa kanisa hili alikufa akiwa njiani kuja kwetu, na miezi sita baadaye wazee wetu wakanyongwa kwa vita hiyohiyo. Baadhi yao, kama ulivyonisimulia mwenyewe, walibatizwa na padre kabla ya kupelekwa kwenye kamba. Watu wanabishana hadi leo kama ile ilikuwa imani au ilikuwa hofu. Mimi siwezi kuwasemea. Ninachojua ni kwamba tukifika kwenye "ushirika wa watakatifu" katika Nasadiki, mawazo yangu huenda kwao, na sioni kanisa linalofaa kuwakumbuka kuliko hili.

Naomba sasa nikuonyeshe lilivyo, maana wewe umeliona kwa nje tu, ukiwahi boti ya Unguja.

Njoo misa ya asubuhi, siku ya kazi. Jumapili watu hujaa hadi nje, kwaya inaimba vizuri sana, lakini siku ya kazi ndipo utawaona wenye kanisa lao. Nesi anayetoka zamu ya usiku bado amevaa viatu vyeupe. Karani wa Posta kaja na mkoba, anatazama saa. Wasafiri wa boti wamepanga mabegi chini ya benchi. Kuna mama mmoja anauza samaki Feri, ndoo yake humwachia mlinzi getini, anajifuta mikono kwa upande wa kanga kabla hajagusa maji ya baraka, kisha anakwenda kupiga magoti upande wa kushoto, palepale kila siku. Sijawahi kumsikia akisema neno nje ya majibu ya misa. Padre akianza kuhubiri, honi ya boti inalia, naye hunyamaza hadi iishe, watu wamezoea.

Juu kuna matao yaliyochongoka yanayokutana, na nyuma ya altare kuu madirisha ya vioo vya rangi. Asubuhi mwanga ukiingia humo, hata mtoto msumbufu hutulia kutazama. Juu ya altare kuna nakshi ya kuchongwa ya tangu enzi hizo, na maandishi ya Kijerumani bado yapo. Wapo wanaotaka yafutwe. Mimi nasema yabaki, ili mjukuu wetu aulize yameandikwa na nani, na sisi tumjibu bila kumficha kitu.

Lakini chini ya maandishi hayo misa yote inakwenda kwa Kiswahili. Wajerumani waliondolewa baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wakaja watawa Wakapuchini wa Uswisi, nao wakati wao ukapita. Laurean Rugambwa, Mhaya wa Kagera, aliyefanywa kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, aliongoza jimbo kuu hili hadi mwaka 1992. Alikaa kwenye kiti kilekile cha Spiss! Bibi yetu alikuwa na picha yake ukutani, karibu na kalenda ya Peramiho, unaikumbuka. Hakuna aliyemwambia bibi kwamba anamtundika kardinali wa kanisa la Wajerumani.

Kaka, hasira yako siidharau. Ningeogopa zaidi kama usingekuwa nayo. Ninachokataa ni wewe kukaa nje nayo peke yako, na sisi kuingia ndani tukijifanya haipo. Binti anapiga magoti kuomba baraka, na baba yake mkubwa, aliyemfundisha jina la Nduna Songea Mbano, kiongozi wa vita wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani, kabla hajaanza shule, hayupo kwenye benchi. Hilo litamuuma kuliko unavyodhani. Kwangu ameshalia.

Kwa hiyo nimefanya jambo moja bila kukuuliza, nisamehe kwa hilo. Nimekwenda ofisi ya parokia nikaandikisha nia ya misa, Alhamisi kabla ya harusi: "Marehemu wote wa Vita ya Majimaji, waliouawa njiani na walionyongwa Songea." Karani aliisoma, akaniuliza kama nina ndugu kati yao. Nikamwambia ndiyo. Akaandika, akanipa risiti, sadaka nimetoa kwa niaba yetu sote.

Panda basi la Songea Jumanne, Jumatano upumzike kwangu. Alhamisi tutatoka nyumbani mapema tuwahi mwendokasi hadi Kivukoni, halafu ni hatua chache kwa miguu. Kaa benchi la nyuma ukitaka. Si lazima uimbe, wala upige magoti. Padre atakapowataja marehemu wale kwa sauti mbele ya watu, nataka uwe umesikia kwa masikio yako. Ya Jumamosi utaamua baada ya hapo, na sitakusumbua tena.

Nijibu kama Jumanne inakufaa, nimtumie kijana akukatie tiketi.

Mdogo wako