Jumamosi tunaanza na mbu

Habari za jioni wapendwa. Nimesoma mapendekezo yenu ya mada ya mazungumzo yetu ya Jumamosi: wa udaktari mnataka chanjo, wahandisi vifaa, wa takwimu kompyuta zinazojifunza. Hatuna haja ya kupiga kura, maana mbu mmoja anatosha kutukutanisha sote.

Angalieni kazi za watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara ya hapa Tanzania. Kule Bagamoyo walishiriki majaribio ya R21, chanjo ya malaria iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO) Oktoba 2023. Wenzao wakachukua utepe wa katani, wakautia dawa ya kufukuza mbu, wakauzungusha kwenye uwazi kati ya ukuta na paa, pale mbu anapopenyea usiku. Hauhitaji umeme. Hiki ndicho kilichonigusa zaidi, kwa sababu nyumba niliyokulia ilikuwa na uwazi huo huo, na chandarua kilikuwa kimoja tu.

Halafu kuna umri wa mbu. Vimelea vya malaria huchukua siku 10 hivi au zaidi kukomaa ndani yake, kwa hiyo mbu mzee ndiye wa kuogopwa. Utamjuaje? Watafiti wanammulika kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, kisha kompyuta iliyofundishwa inakadiria umri kutokana na jinsi mwili wake unavyoufyonza mwanga huo.

Kila mmoja aje na utafiti mmoja wa fani isiyo yake. Saa 4 kamili asubuhi, chumba kilekile. Dada uliyejitolea kuleta projekta, naomba unithibitishie leo.